Mwalimu wa Ufundi na Miti Miwili ya Juu

Mwalimu wa Ufundi hakukalia kiti chochote kabla ya kukitikisa. Iwe ofisini, kanisani, msibani au kwenye mgahawa wa supu pale mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, alishika egemeo kwa mikono miwili, akasukuma kushoto, akasukuma kulia, akasikiliza. Kiti kikilia, alikaa kwa tako moja mpaka shughuli iishe. Watu walimcheka sana. Mama mwenye mgahawa alimwuliza siku moja mbele ya wateja, "Mwalimu, umekuja kunywa supu au kununua fanicha?" Naye akamjibu kwa upole kwamba mguu wa nyuma umelegea, akaomba nyundo.

Jina lake nalijua ila siliandiki. Sisi tulimwita Mwalimu wa Ufundi, na wenzake walimwita hivyo hivyo. Wala sitasema alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, maana hapa kwetu Rungwe ukigusa ukoo tu utaulizwa mpaka ng'ombe wa mahari ya bibi yake, na mimi sina muda huo. Nina jambo langu, na afadhali niliseme mapema usije ukanisoma ukidhani mimi ni mtu mwema. Mwalimu huyu alipoteza kazi kwa sababu ya daraja la miguu lililomwangusha mama mmoja mchuma chai. Hilo mji mzima unalijua. Kitu ambacho mji haukujua ni kwamba kosa lile lilikuwa langu pia, na kwa miaka kumi na moja nilifunga mdomo.

Tuanze na ufundishaji wake, maana ndio uliomfanya awe yeye. Karakana yetu ilikuwa na bati tupu juu, na mvua za Tukuyu unazijua. Ikianza kunyesha sauti haisikiki, na mwalimu mwingine yeyote angeandika notisi ubaoni akaenda zake. Yeye aliacha kusema, akaanza kutumia mikono. Alitufundisha nguvu tano zinazofanya kazi ndani ya kila kitu kilichosimama, na alizifundisha kwa miili yetu. Mvutano, mlishika kamba wawili mkavutana mpaka mmoja akaomba msamaha. Mgandamizo, ulibebeshwa ndoo ya maji kichwani ukaambiwa ufumbe macho usikie shingo yako. Msokoto, alileta blanketi lililolowa la bwenini, mmoja huku mmoja kule, mkakamua mpaka viwiko vikauma. Mkato, alikwenda na panga nyuma ya jiko la shule akakata mgomba kwa pigo moja, kisha akatuonyesha jinsi kipande cha juu kilivyoteleza juu ya cha chini.

Mpindo ndio alioupenda. Aliweka ubao mwembamba juu ya matofali mawili, akamsimamisha mtu katikati, ubao ukabonyea.

"Haya, gwe," alisema. Gwe ni 'wewe' kwa Kinyakyusa, na kwake kila mtu alikuwa gwe, ila wakubwa zake. "Juu ya ubao kunafanyika nini? Na chini yake?"

Tulikodoa macho. Basi akachukua bua bichi la mgomba, akalikunja taratibu mbele ya pua zetu. Juu likajikunyata, chini likapasuka. Mpaka leo nikimwona mtu amekaa katikati ya benchi refu, macho yangu yanakwenda chini ya benchi yenyewe. Ni ugonjwa, najua.

Alikuwa na mianzi minne aliyoiunganisha kwa misumari kuwa pembe nne, na kila kidato kipya kilianzia hapo. Alimwita mwanafunzi mdogo kuliko wote aisukume kwa kidole. Pembe nne zikalala chini bila ubishi. Kisha akafunga mwanzi wa tano, toka kona hadi kona, ule aliouita mshazari, akamwita mwanafunzi mkubwa kuliko wote asukume kwa bega. Haikulala. Tulipiga kelele kila mara kama watu wa mpirani, ingawa tulishaiona.

Halafu kulikuwa na maswali yake. Kwa Mwalimu wa Ufundi hukuruhusiwa kugusa msumeno kabla ya kujibu maswali ya mtumiaji. Nani atakitumia? Ana urefu gani? Anakitumia akiwa na nguvu au akiwa amechoka? Mikono yake ina nini wakati huo? Mwenzangu mmoja alitengeneza kigoda cha bibi yake, kizuri, amekipiga vanishi mpaka kinang'aa. Mwalimu alikizunguka mara mbili.

"Bibi akishakaa hapo, anainukaje?"

"Anainuka tu, Mwalimu."

"Umemwuliza?"

Hakumwuliza. Alirudishwa nyumbani Jumamosi na kipande cha kamba, akapime toka goti la bibi hadi chini. Jumatatu akaja na kamba ina fundo, na habari kwamba bibi alicheka, kwa sababu tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumpima goti. Kigoda kikaongezwa miguu.

Nisije nikamfanya malaika lakini. Kila Ijumaa ilikuwa siku ya kuvunja. Ulichotengeneza kiliwekwa katikati ya karakana na kupakiwa mifuko ya mchanga, mmoja baada ya mwingine, mpaka kivunjike. Alitaka kuona kinavunjikia wapi, akaandika kwenye daftari lake: kigoda cha fulani, mguu wa kushoto, mkato kwenye kiungo. Kile kigoda cha bibi nacho alikivunja. Yule mwenzangu, kidevu chake kimeshaota ndevu, alilia machozi ya kweli. Mwalimu akamwambia, "Tengeneza kingine, sasa unajua," akafunga daftari. Hakumpa hata pole. Siku ile nilimchukia, na nilimwambia rafiki yangu kwamba mtu huyu ana moyo wa tofali.

Na mtu huyo huyo, mbele ya mkubwa, alikuwa maji. Hapo ndipo palipotushinda. Sisi Wanyakyusa tumelelewa kuinama. Mtoto anachuchumaa akimsalimia mkubwa, mwanamke anapiga goti, hata mwanamume mzima hamsemeshi mzee akiwa wima kama mlingoti. Ni adabu yetu, siikatai. Lakini Mwalimu wa Ufundi alizidisha. Mkuu wa shule akiingia karakana, magoti ya Mwalimu yalilegea yenyewe, kofia ikatoka kichwani, mikono ikajificha katikati ya mapaja, sauti ikawa ya mtoto wa darasa la pili. "Ndiyo mkuu. Sawa mkuu." Tuliwahi kumwona akikubali mbao za shule zichukuliwe kwenda kujengea banda la kuku la mtu, naye ndiye aliyezipakia kwenye gari. Usiku wa jana yake alikuwa ametugombeza kwa kupoteza msumari mmoja.

Nyumbani kwake Bulyaga nako kulikuwa kichekesho. Mlango wa mbele ulifungwa kwa waya. Bati lilivuja juu ya kitanda, akahamisha kitanda. Mke wake alisema kwa sauti ili tusikie, "Anatengeneza vya watu, vyake anavitikisa tu." Mwalimu alitabasamu, akaendelea kutuonyesha mchoro wa daraja.

Ndiyo, daraja sasa. Nyuma ya shule yetu kulikuwa na kijito chenye mawe makubwa. Ng'ambo yake watu walikuwa na vishamba vyao vya chai, na kina mama walivuka na makapu mgongoni kupeleka majani kwenye banda la kupimia. Walikuwa wakivuka juu ya gogo moja linaloteleza. Mwalimu aliliona gogo hilo miaka mingi, na tulipofika kidato cha tatu akasema mwaka huu hakuna vigoda, tunatengeneza kitu kimoja sote.

Alitutuma kwa kina mama na kamba. Tuliwapima wakiwa wamebeba makapu yamejaa, toka chini hadi juu ya kapu, upana wa mabega, urefu wa hatua. Walifurahi ajabu. Mmoja wao, mama mwembamba mwenye kicheko kikubwa, alituambia, "Mnatushonea nguo au mnatuchimbia kaburi?" Ndiye aliyeanguka baadaye.

Daraja lenyewe lilikuwa na fremu mbili za miti, kushoto na kulia, zimejaa pembetatu. Lakini fremu mbili zinazosimama peke yake zinaweza kulala kama ukuta usio na kona. Kwa hiyo juu, kwenye kila mwisho wa daraja, Mwalimu aliweka mti wa kulala unaoshika fremu ya kushoto na ya kulia, na mishazari midogo kwenye kona zake. Ilikuwa kama kupita chini ya kizingiti cha mlango. Kina mama na makapu yao walipita vizuri kabisa, hawagusi. Tulipakia mifuko ya mchanga, tukapanda wanane juu yake, tukaruka. Halikulia hata kidogo. Hili hakutaka kulivunja. Alikaa kwenye jiwe akaliangalia, na kwa mara ya kwanza nikamwona anakaa mahali bila kupatikisa kwanza.

Mkuu wa shule akasema litazinduliwa. Ataitwa mgeni rasmi, ngoma zitapigwa, utepe utakatwa. Tulipaka chokaa mawe ya njiani. Ijumaa asubuhi mkuu alikuja kukagua, akasimama chini ya ule mti wa juu. Yeye alipita bila kuinama. Akainua mkono, akaupima, akageuka.

"Mwalimu, mgeni wetu ni mtu mrefu."

"Ndiyo mkuu."

"Sasa atapitaje hapa? Kwa kuinama? Mgeni rasmi ainamie wachuma chai?"

Mwalimu alifungua mdomo. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nilimsikia. Alisema, "Mkuu, mti huu ndio unaoshika..." na mkuu akasema, "Ni saa moja tu, Mwalimu. Utaurudisha." Magoti ya Mwalimu yakafanya vile yanavyofanya. Akavua kofia. Akasema sawa.

Mtu aliyetupigia kelele mwaka mzima tuanze na mtumiaji, alilifumua daraja la kina mama kwa ajili ya mtu atakayelipita mara moja maishani mwake. Mtu asiye wa hapa hawezi kuelewa. Mimi nilielewa palepale, maana hata mimi nilikuwa ninamwonea mgeni aibu ya kuinama.

Mafundo ya kamba zilizoshika miti ile ya juu niliyafunga mimi, kwa hiyo akaniita mimi niyafungue. "Toa ile miwili ya juu na mishazari yake. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, irudishe. Umenisikia, gwe?" Nikasema nimesikia. Nikapanda, nikafungua, nikakunja kamba vizuri, miti nikailaza kwenye majani. Jumamosi mgeni alikuja, akapita wima, akapigwa picha, akala wali, akaondoka.

Jumatatu mvua ilinyesha toka alfajiri. Nilifika kijitoni nimelowa, miti inateleza, sikuwa na mtu wa kunishikia upande wa pili. Niliangalia daraja. Limesimama. Nikasema nitakuja saa nane. Mstarini Mwalimu akapita karibu yangu, akaniuliza bila kusimama, "Umefunga?"

Nikasema, "Nimefunga, Mwalimu."

Sijui kwa nini. Yaani najua, niliogopa sura yake. Na nilikusudia kweli kwenda saa nane. Saa nane mvua ikazidi, kesho yake tukawa na jaribio la Hisabati, keshokutwa nikasahau kabisa, na kusahau huko ndiko kunakonitia hasira mpaka leo. Yeye anayetikisa kila kiti hakwenda kutikisa neno langu. Njia yake ya nyumbani haikupita kijitoni. Kila aliyevuka alizisukuma fremu kidogo zaidi kwenda nje, na Alhamisi mchana fremu ya upande wa juu wa kijito ikalala. Yule mama mwembamba alikuwa katikati na kapu lake. Aliangukia mawe, akavunjika paja. Walimbeba kwa machela ya mashuka mpaka hospitali ya Makandana, na sisi tuliona kutoka madirishani.

Kikao kilifanyika ukumbini, nasi wa kidato cha tatu tulikalishwa nyuma. Wakauliza nani aliondoa miti ya juu. Mkuu wa shule aliangalia dari. Mwalimu wa Ufundi akasimama, mikono katikati ya mapaja, akasema, "Mimi." Wakauliza kwa nini hukuirudisha. Akasema, "Nilizembea." Aliandika barua ya kuacha kazi kabla hajaandikiwa ya kufukuzwa. Mimi nilikuwa nimeng'ata kola ya sweta. Rafiki yangu alinigusa goti, akadhani namlilia mwalimu.

Tangu hapo alikaa Bulyaga akitengeneza mabanda ya kuku na matenga ya parachichi. Vijana wa bodaboda walimtungia jina, Mzee Daraja, na akipita walitikisa pikipiki zao kumwigiza. Nilikuwa nikimwona sokoni, ninabadili njia. Miaka yote hiyo. Nilisoma, nikawa mwalimu mwenyewe, nikapangiwa wilaya hii hii, na hivi karibuni nikapewa kufundisha kidato cha pili mada ya nguvu za miundo na ubunifu wa vifaa. Nilicheka peke yangu ofisini kama mwehu.

Nikatengeneza pembe nne za mianzi. Msichana wa mbele akazisukuma, zikalala. Nikafunga mshazari. Wakapiga kelele, kumbe hata leo wanapiga. Ndipo yule msichana akanyoosha mkono.

"Madam, ni kweli kuna mwalimu alisahau kufunga mshazari daraja likamwangusha mama?"

Darasa zima likainua vichwa linisikilize. Nikasema, "Ndiyo, ni kweli." Na nikaendelea na somo. Nikamwacha Mwalimu wangu aanguke mara ya pili mbele ya watoto arobaini. Jumamosi nikaenda Bulyaga.

Alikuwa uani anapigilia tenga. Amekonda, kofia ile ile au ndugu yake. Nilichuchumaa nikamsalimia kwa Kinyakyusa, akaitikia "ndaga", ahsante ya kwetu, akanisogezea kigoda. Sikukaa. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, nimechuchumaa vilevile, kwamba sikufunga, kwamba nilimdanganya mstarini, kwamba pale ukumbini nilimsikia na nikanyamaza.

Akapigilia msumari mmoja mpaka mwisho. Kisha akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Alhamisi ile ile. Nilikimbilia kijitoni nikaikuta miti kwenye majani, na kamba zimekunjwa vizuri. Ni wewe tu uliyekuwa unakunja kamba hivyo."

"Sasa kwa nini hukusema, Mwalimu?"

"Niseme nini? Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mimi mtu mzima nilishindwa kumwambia mtu mrefu ainame." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Wewe ulisahau. Mimi sikusahau, niliogopa. Lipi kubwa?"

Nilianza kulia. Nilidhani sasa ndiyo imekwisha, nimesema, amesikia, ataniambia pole mwanangu. Naye, kama siku ya kigoda cha bibi, hakunipa hiyo pole.

"Na mama umemwambia?" akauliza.

"Mama yupi?"

"Aliyevunjika. Mimi ulinivunja nini? Nina miguu yangu."

Nikamwuliza kama yeye amewahi kwenda. Akaangalia nyundo. Akasema siku zile za kwanza alifika mpaka getini hospitalini mara tatu, akarudi. Alishindwa kuingia. Halafu ikawa mwezi, ikawa mwaka, na mtu akishachelewa mwaka anaanza kuona aibu ya kuchelewa kuliko ya kosa lenyewe. Nilimwelewa sana. Tulitazamana, watu wawili wajinga. Akaingia ndani akabadili shati.

Mama yule anaishi ng'ambo ya kijito bado. Tulizunguka kwa barabara, kwa kuwa daraja halikujengwa tena. Alikuwa mlangoni anamenya ndizi, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Hakucheka kama zamani. Alipomwona Mwalimu, aliangusha kisu. Akajivuta, akataka kupiga goti kwa mguu ule usiokunjika, nikamwahi mkono.

"Tata," alimwambia Mwalimu, kama mtu anavyomwita baba yake, "nisamehe. Nilitaka kuja, nikaogopa. Nilikuharibia kazi yako."

Mwalimu akasema, "Umeniharibia wewe?"

"Kapu. Siku ile nililijaza mno. Pale bandani wote walisema, tamaa yako imevunja daraja la watoto, umemfukuzisha mwalimu wa watu. Mpaka leo mtu akinikasirikia ananiambia hivyo. Nisamehe, tata."

Sijawahi kuona uso kama wa Mwalimu wakati ule. Miaka kumi na moja alidhani lawama ameibeba yeye peke yake. Kumbe alichosema ukumbini kiliishia ukumbini, na huku ng'ambo lawama ilikuwa imempata yule mama aliyevunjika. Akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi. Nikaona hapa hakuna wa kunisaidia. Nikakaa chini, mbele ya sufuria la ndizi, nikamweleza taratibu: miti miwili ya juu, mgeni mrefu, Jumatatu ya mvua, uongo wangu. Nikamwambia tulipanda wanane juu ya daraja lile na mifuko ya mchanga, tukaruka, halikulia.

"Wanane?" akasema.

"Wanane, mama. Kapu lako halikufanya kitu."

Nilijiandaa kwa matusi, ningeyapokea yote. Badala yake akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akalivuta kapu lake la chai, akaliweka katikati yetu. Ndani, katikati ya kimo chake, alikuwa ameshonea kitambaa chekundu pande zote.

"Nikifika hapa naacha," alisema. "Napeleka, narudi, nachuma tena. Wenzangu wakienda mara moja mimi naenda mara mbili. Kwa mguu huu."

Mwalimu alijiinamia akafunika uso kwa kofia. Ningeweza kuomba msamaha, lakini msamaha wa nini hasa, wa paja, au wa zile safari zote za kupanda na kushuka kilima na nusu kapu?

Mama akaokota kisu, akaanza kufumua kitambaa. Uzi ulikuwa mgumu, hakutaka nimsaidie. Alipomaliza akaniuliza, bila kunitazama, "Haya uliyoniambia mimi, unaweza kuyasema pale bandani? Watu wakiwa wamejaa?"

"Naweza."

"Jumatatu wanapima."

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikaenda. Mwalimu alikuwa ameshafika, amesimama nyuma kabisa karibu na nguzo, kofia iko kichwani. Watu walikuwa wengi, wanasubiri zamu, wengine wanafunzi wangu wamekuja kuwasaidia mama zao. Tukamwona anateremka njia ya chai polepole, ule mguu anauburuta, kapu limejaa mpaka majani yanamwagika mabegani. Mtu mmoja akamtania kwamba leo ataangusha na banda. Wakacheka. Akafika kwenye mizani, akatua kapu chini, akasimama wima, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Haya, Madam," alisema. "Sema."